Themostati ya Basi la Pili

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Agosti mwaka 2004, mafuta yaliyotoka kwenye injini ya basi dogo la kanisa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nyawira aliyaacha yatiririke kwenye karai mpaka yakakoma yenyewe. Mafuta ya injini inayofanya kazi huwa meusi. Yakiwa na rangi ya chai, maji yamepenya mahali yasipotakiwa, na mchanganyiko huo haulainishi kitu. Alichovya kidole, akakisugua kwa gumba. Utelezi haukuwapo. Palikuwa na punje ndogo ngumu, zilizometa alipougeuza mkono juani. Zilikuwa mabaki ya beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

"Imenoki, injini imekufa," alisema baba yake, aliyekuwa amesimama nyuma yake mikono mfukoni. "Hiyo haitaki digrii. Hiyo ni kazi ya fundi Odhiambo."

Gereji ya baba yake, Mzee Kibe, ilikuwa mtaani Satellite, ndani ya uwanja uliozungushiwa mabati. Aliifungua kabla Nyawira hajazaliwa, na nusu ya magari ya Riruta yalikuwa yamepita mikononi mwake. Nyawira mwenyewe alifanya kazi Westlands, katika ofisi iliyokagua magari yaliyoharibika kwa niaba ya watu wa bima. Kazi yake ilikuwa kufungua chuma kilichovunjika na kusema kwa nini kilivunjika. Jumapili jioni mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Mzee Waithaka, alikuwa amempigia simu. "Wewe ni injinia, na ni mtoto wetu," alimwambia. "Liangalie hilo basi. Jumamosi kamati inakaa, uje utuambie."

Yaliyotokea Jumapili hayakuwa na ubishi. Akina mama wa kanisa walikuwa wakirudi kutoka mkutano wa Naivasha, basi limejaa, na chini ya viti kuna karoti na kabeji, kwa kuwa hakuna mama wa Riruta anayepita Mai Mahiu mikono mitupu. Katikati ya mlima uliofuata injini ilichemka, kisha ikagonga, kisha ikanyamaza. Dereva, kijana mtulivu aliyeitwa Mbithi, alifungua boneti, na maji ya moto yakamrukia kifuani na mkononi. Akina mama walishuka wakatembea ukingoni mwa barabara, malori yakiwapita kwa shubiri, hadi msamaria alipowachukua.

Basi lilipovutwa mpaka Satellite, mpira wa juu wa rejeta, unaopitisha maji ya moto, ulikutwa umelegea. Aliyeufunga mpira huo, Ijumaa kabla ya safari, ni Odhiambo. Chakula cha jioni hakijaiva, mkosaji alikuwa ameshapatikana. Kibe alimfuta kazi kwa simu, yeye aliyekuwa fundi wake tangu Nyawira akivaa sare ya shule ya msingi.

Asubuhi hiyo Odhiambo alikuwa nje ya lango. Hakuruhusiwa kuingia hata kuchukua ovaroli yake.

"Sasa, nyar Kibe," alikuwa amemsalimu Nyawira alipofika. Binti ya Kibe, kwa lugha ya kwao. Hakuwahi kumwita kwa jina jingine. "Umesikia nimechemsha wamama?"

"Ulikaza klipu ya mpira?"

"Nilikaza. Unajua mimi hukaza."

"Sijui. Nitaangalia."

Odhiambo alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Hiyo tu ndiyo nataka. Wewe angalia. Kamati ikisema ni mimi, hapa Satellite hakuna mtu atanipatia hata wilibaro nitengeneze. Na mimi kazi ingine sijui."

Nyawira aliangalia. Mpira wa juu ulikuwa mzima. Klipu yake ililegea kweli, lakini kichwa cha skrubu kilikuwa na michubuko mipya ya meno ya plaisi, na hakuna fundi anayekaza klipu kwa plaisi akiwa na bisibisi. Hilo aliliweka kando. Akalala chali juu ya kadibodi, akajisogeza hadi kwenye kikasha kidogo cha alumini, pale maji yanaporudi ndani ya injini baada ya kupozwa. Alifungua nati mbili. Ndani hamkuwa na kitu.

"Baba, themostati iko wapi?"

"Themostati ya nini?" Kibe alicheka. "Hii ni Afrika, Maitu."

Alimwita Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu, kwa kuwa Nyawira alibeba jina la mama mzazi wa Kibe. Na kwa namna alivyolitamka jina hilo mtu angedhani hawezi kumdanganya aliyepewa.

Jibu lenyewe Nyawira alilijua. Riruta nzima ililijua. Gari lolote lililoingia kwa Kibe mara ya kwanza lilitoka bila themostati. Aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia fundi, na hakudai chochote kwa kazi hiyo. Wajapani, alisema, waliweka kile kizibo kwa sababu ya theluji yao. Hapa kinazuia maji bure. Mwenye gari alinunua soda, Kibe akainua kile kipande cha shaba juu kama ngariba, na mafundi wakapiga makofi. "Imetahiriwa!" walipaza sauti. Huo ndio ulikuwa mzaha wa gereji, na kila mara mtu alimgeukia Odhiambo, mtu wa Siaya, ambako tohara si desturi.

"Hata gari imepita wembe, Odhis! Wewe je?"

"Mimi niko vile nilitoka kiwandani," Odhiambo alikuwa akijibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. "Mwenye kuniunda hakuwa mjinga."

Walicheka wote, wazee wa kanisa wakiwamo, na Kibe kuwashinda.

Sasa Nyawira alitoka chini ya basi, akajifuta mikono. Alikuwa na imani moja iliyomfaa kazini: mtu akionyeshwa jambo lilivyo, kwa utaratibu, atalikubali. Akamwonyesha.

"Baba, injini haitaki baridi. Inataka joto lake, karibu na nyuzi tisini. Ikiwa chini ya hapo mafuta hubaki mazito, unyevu hauchomeki, na petroli inateremka kwenye mafuta. Angalia." Alifunua kifuniko cha juu cha injini. Chini yake palikuwa na utando mweusi mzito kama lami iliyoanza kuganda. "Hii ni injini iliyozunguka mjini miaka miwili bila kupata joto. Vijia vya mafuta vimezibika nusu. Beringi zilikuwa na kiu hata kabla ya safari."

"Matope si kitu. Na mbona ichemke, kama unasema ilikuwa na baridi?"

"Nafika hapo. Zile lori za Kiingereza ulizojifunzia, themostati ilikaa juu, ni mlango mmoja tu. Ukiutoa, maji yanapita moja kwa moja kwenye rejeta. Hazikuumia sana. Hii ni tofauti. Hapa kuna njia mbili: moja inapita rejeta, moja ni ya mkato, inayorudi kwenye injini bila kupoa. Themostati ina mlango juu na sahani chini. Injini ikipata joto, mlango wa rejeta unafunguka, na papo hapo ile sahani inaziba njia ya mkato. Ni kitu kimoja kinafanya kazi mbili."

Kibe alikuwa ameacha kucheka.

"Ukiitoa, njia ya mkato haizibwi tena. Maji mengi yanazunguka mlemle ndani, moto kwa moto. Mjini huoni, mzigo ni mdogo na kwetu kuna baridi. Lipeleke basi mlimani na akina mama na karoti, gia ya pili mwendo mrefu, rejeta inapata nusu tu ya maji. Kichwa cha injini ni alumini, bloku ni chuma cha kalibu, havitanuki sawa. Kichwa kinapinda, gasketi iliyo katikati yake inaachia, maji yanaingia kwenye mafuta. Yaliyobaki umeyaona kwenye karai."

Kibe alikaa juu ya tairi. Alikitazama kile kikasha kitupu kwa muda.

"Hiyo sahani ya chini," aliuliza hatimaye, "inaziba tundu lipi? Hili la ndani?"

"Hilo la ndani."

"Kwa hivyo ukirudisha themostati ya kawaida, yenye mlango peke yake, bado haitafaa."

"Haitafaa. Lazima iwe ile yenye sahani."

Lilikuwa swali zuri, swali la fundi. Nyawira alilifurahia. Alimweleza hata nambari ya kuulizia kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, akajifuta mafuta kwenye kiwiko na kwenda zake kazini Westlands, akiamini sehemu ngumu imekwisha. Alipopita langoni Odhiambo alikuwa palepale, ameegemea mabati, na alimpungia mkono.

Jumanne jioni alikwenda Kawangware kumwona Mbithi. Alimkuta amekaa kitandani, kifua kimefungwa bandeji, anakula mkate kwa mkono wa kushoto.

"Pole, Mbithi. Nataka kujua kuhusu mpira wa juu. Uliukuta umelegea?"

"Umelegea wapi? Ulikuwa umekaza kama ngumi," alisema Mbithi. "Ni mimi niliulegeza na plaisi. Nilitaka mvuke itoke kidogo, injini ipumue. Ndiyo ikanipata."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Alitafuna polepole. "Mzee Kibe alikuja jana. Alileta huu mkate na maziwa. Nikaanza kumweleza, akaniambia nipumzike, mambo ya injini niwachie mafundi."

"Alikuja saa ngapi?"

"Mchana hivi. Akitoka mjini."

"Utakuja Jumamosi uwaambie kamati hivyo ulivyoniambia?"

Mbithi aliutazama mkono uliofungwa. "Injinia, mimi niliajiriwa na hiyo kamati," alisema. "Hii ngozi itapona. Kazi ikienda haioti tena."

Nyawira hakumshurutisha. Alikuwa na njia ya kuthibitisha isiyomhitaji shahidi. Kanisa lilinunua mabasi mawili siku moja, ya aina moja, kutoka meli moja. Na Kibe aliyatahiri yote mawili mbele ya mchungaji na soda za kreti nzima. Basi la pili lilikuwa zima, limeegeshwa uani mwa kanisa. Angelifungua mbele ya mashahidi, awaonyeshe kikasha kitupu, kisha alipakie mifuko ya mchanga na kulipeleka hadi mteremko wa Dagoretti na kulipandisha tena kwa gia ya pili, kipimajoto kikiwa kwenye mpira wa chini na kingine kwenye mpira wa juu. Namba zingesema. Namba hazina kabila wala cheo kanisani.

Alhamisi adhuhuri aliomba ruhusa kazini, akaenda uani kujaribu kwanza peke yake. Alifungua nati mbili. Maji yalimwagika, na nyuma ya maji, katikati ya kikasha, kulikuwa na themostati.

Aliichomoa. Shaba yake iling'aa. Mpira wa kuzibia ulikuwa mweusi na laini, haujabonyezwa na joto la hata wiki moja. Chini yake palikuwa na sahani, na nambari iliyogongwa kwenye ukingo ilikuwa ileile aliyomtajia baba yake.

Alisimama na kile kipande kiganjani mpaka mlinzi wa kanisa, mzee aliyeitwa Kaloki, akamkaribia.

"Ni nani ameligusa basi hili?"

"Ni Mzee tu. Alikuja Jumanne mapema, jogoo hata hajachoka. Akasema anaangalia breki." Kaloki alitikisa kichwa kwa heshima. "Huyo mzee anapenda kanisa."

Nyawira alirudisha themostati mahali pake, akakaza nati, akajaza maji. Hakuna kitu kingine cha kufanya kwenye injini iliyo sawa.

Kibe aliishi nyuma ya gereji, katika nyumba ya mawe aliyoijenga mwenyewe. Jioni ile alikuwa mezani, peke yake kama kawaida tangu mkewe afariki, sahani ya mukimo mbele yake.

"Uliniamini," Nyawira alisema akiwa bado mlangoni. "Jumatatu ileile. Ulitoka hapa ukaenda moja kwa moja mjini kununua."

"Keti."

"Jana kwenye ushirika wa wanaume ulisimama ukasema ni Odhiambo. Mzee Waithaka amenieleza. Jana, Baba. Ilhali Jumanne ulikuwa umeshaitia kwenye lile lingine."

"Ulitaka niliache lichemke na wao? Wewe ndiye ulinionyesha hatari. Nimeondoa hatari." Alimega mukimo, akautia mdomoni, akatafuna hadi ukaisha. "Nikusomeshe halafu nisikuamini?"

"Basi waambie ulivyokosea. Lori za zamani zilikuwa vingine, hizi ni vingine. Si aibu. Ni jambo la neno moja."

"Ni neno moja kwako, wewe unashinda Westlands kwenye lifti. Maitu, mimi nimetoa hicho kitu kwenye magari ya watu tangu hizi gari za Japani zianze kuingia. Unajua ni wangapi injini zao zilikufa, na nikawaambia ni bahati mbaya, ama ni mafuta mabaya ya petroli, ama ni dereva? Nikisema neno moja Jumamosi, hao wote wanaamka Jumapili na hesabu. Waithaka mwenyewe alibadilisha injini mara mbili."

"Na Odhiambo?"

"Odhiambo ana mikono. Atapata kazi Industrial Area, atapata Siaya kwao. Mtu wa kuja anaweza kuhama. Mimi nitahamia wapi? Nimezikwa hapa tayari, nangojea tu kufa."

"Amekufanyia kazi miaka kumi na minane."

"Na nilimlipa miaka kumi na minane." Alisukuma sahani upande wake. "Kula. Umekonda."

"Jumamosi nitasema."

"Sema," alisema Kibe. "Hata mimi nina mdomo."

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Walikuwa wazee saba, pamoja na Mama Waringa, kiongozi wa akina mama, ambaye alikuwa ndani ya basi siku ile na bado alivaa raba kwa sababu ya malengelenge ya ile safari ya mguu. Odhiambo aliambiwa angojee nje, akasimama kwenye veranda, karibu na dirisha lililofunguliwa. Mbithi hakuja.

Nyawira alizungumza kwa ufupi. Alieleza rangi ya mafuta, utando mweusi, kichwa kilichopinda, kikasha kitupu. Alieleza njia mbili za maji. Alisema klipu ililegezwa kwa plaisi baada ya injini kuchemka, na aliyeilegeza alimwambia hivyo kwa kinywa chake. Akamaliza: "Fundi Odhiambo hana kosa katika jambo hili. Themostati ilitolewa na baba yangu. Na ninyi nyote mlikuwapo akiitoa."

Kibe aliinuka taratibu, kofia mkononi.

"Namshukuru Mungu kwa mtoto aliyesoma," alisema. "Mwenyekiti, mtoto anasema mimi hutoa themostati kwenye mabasi ya kanisa. Basi la pili ni mimi hulihudumia kwa mkono wangu, Odhiambo hajawahi kuligusa. Liko hapo nje. Lifungueni. Mkikosa themostati, mnifukuze mimi."

Walitoka, wakalifungua, wakaikuta. Mzee mmoja aliigusa kwa kidole kama anayegusa uji kuona kama ni moto.

"Hii ilitiwa Jumanne," Nyawira alisema. "Tazameni mpira wake, haujabonyea hata. Kaloki alimwona."

"Kaloki alimwona akiangalia breki," alisema Waithaka.

"Kwani kitu kikiwa kipya ni dhambi?" aliuliza mwingine, na wengine wakacheka, wakafarijika kucheka.

"Sasa hili lililonoki," Kibe alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayehuzunika, "aliyekuwa chini yake Ijumaa ni nani? Mimi sitaki kumhukumu mtu. Nauliza tu."

Nyawira aliwatazama mmoja mmoja. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kununua soda ile. Kila mmoja alikuwa amepiga makofi. Hakuna aliyemtazama usoni. Walikuwa wakiitazama themostati, kitu ambacho kila mmoja wao alijua hakikuwapo wiki mbili zilizopita.

"Magari yenu yako hapa," alisema. "Nipeni ufunguo wa gari moja, lolote lililopita kwa Baba. Mkiikuta ndani, nitanyamaza."

Mzee mmoja aliangalia saa yake. Mwingine alikumbuka kwamba alikuja kwa lifti, ingawa gari lake lilikuwa limeegeshwa mbele ya macho yao. Waithaka alijipapasa mfukoni, akauacha mkono hukohuko.

"Shika," alisema Mama Waringa, akamrushia ufunguo.

Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, limeoshwa vizuri. Lilikuwa limekaa tangu asubuhi, injini imepoa. Nyawira aliinama katika nguo zake za ofisini, akafungua nati mbili. Maji ya rangi ya kutu yalimwagika juu ya viatu vyake. Kikasha kilikuwa kitupu.

"Kibe," alisema Mama Waringa. "Uliniambia unaipatia hewa. Nilikununulia soda. Nilikununulia na mandazi!"

"Mama Waringa, hiyo gari yako imepitia mafundi wangapi?"

"Mmoja!"

"Na yule wa Kikuyu mjini aliyekubadilishia betri? Na shemeji yako?"

"Wa betri? Kibe, hata aibu huna?"

"Tusipandishiane sauti nyumbani kwa Bwana," alisema Waithaka. Alikuwa tayari ameelekea mlangoni. "Tumesikia. Gari la Mama Waringa ni la Mama Waringa. Lililoko mbele yetu ni basi."

Walirudi ndani. Nyawira hakurudi. Alibaki kando ya gari lililokuwa wazi, na kupitia dirisha alisikia Waithaka akimshukuru binti yetu kwa kutumia elimu yake kwa kanisa. Alisikia kwamba Mzee Kibe amejitolea kulitengeneza basi lililoharibika bila malipo, na makofi yaliyofuata. Alisikia kwamba fundi Odhiambo hatagusa tena gari la kanisa, na kwamba waumini wataarifiwa Jumapili, kwa usalama wao. Mama Waringa alisema yeye hakubali, na akaambiwa kwamba imeandikwa hakubali.

Odhiambo alishuka kwenye veranda. Alimwendea Nyawira, akanyoosha mkono kwa spana aliyofungulia nati, naye akampa. Akapiga magoti kwenye matope ya kutu.

"Odhiambo," alisema Nyawira. "Ni mimi nilimweleza. Jumatatu. Nilimweleza kila kitu, hata nambari."

"Najua. Nilikuwa langoni." Alifuta ukingo wa kikasha kwa kitambaa, akaurudisha mfuniko mahali pake. "Nilisikia vile ulikuwa unamfundisha, na yeye ameketi ananyamaza. Nikajiambia, sasa nimepona. Mzee ameelewa."

Nyawira alimpa zile nati mbili.

Odhiambo alikaza nati ya kwanza, akakaza ya pili, akazipima tena zote mbili kwa spana. Alichota maji kwenye mfereji wa kanisa, akajaza rejeta polepole ili hewa itoke. Akawasha injini, akaiacha ingurume, akainama kutazama kama kuna tone. Ukumbini walikuwa wamesimama kwa wimbo wa kufunga, na sauti ya Kibe, besi nzito iliyojulikana Riruta yote, ilikuwa juu ya zingine.

Mama Waringa alitoka kabla ya wimbo kuisha.

"Mama, haivuji," Odhiambo alimwambia. "Lakini mlima usipande nayo. Nunua themostati yenye sahani chini, mtu yeyote akutilie."

"Si wewe unitilie?"

"Mtu yeyote, Mama."

Alizima injini, akampa funguo kwa mikono miwili. Akamrudishia Nyawira spana. Kisha akatoka langoni kwa miguu, bila ovaroli yake, akashika barabara ya kwenda Kawangware.